Kifua hakipandi: kutafuta tatizo unapompampia hewa kwa barakoa mgonjwa wa nusukaputi

Mwongozo huu ni wa watu waliokwisha kusomea kazi ya usingizi: wauguzi, matabibu na madaktari wanaowalaza wagonjwa kwa nusukaputi, hasa katika hospitali za wilaya ambako mtaalamu mwenzako wa karibu yuko mwendo wa gari. Mwanafunzi ausome akiwa na msimamizi wake. Hauchukui nafasi ya mafunzo ya mikono.

Maswali yanayoulizwa na wenzetu wa thieta yanafanana sana, na mengi huanzia kwenye kifaa. Barakoa ipi ni bora, ile nyeusi ya mpira au hii ya plastiki inayoonyesha? Ambu (bagi la kubana kwa mkono linalojijaza hewa lenyewe) au bagi la mashine ya usingizi? Ni maswali ya haki na nitayajibu humu njiani. Lakini kifaa kipya hakimwokoi mgonjwa ambaye hujajua hewa yake inakwama wapi. Mahali pa kukwama ni panne: kati ya barakoa na uso, kati ya midomo na nyuzi za sauti, ndani ya kifaa chenyewe, au ndani ya mapafu. Dalili hukuonyesha uanzie wapi.

Kwanza, saa inakwenda

Mtu mzima mwenye afya aliyevutishwa oksijeni safi kwa dakika 3 kabla ya dawa anaweza kustahimili dakika kadhaa bila kupumua. Asiyevutishwa, oksijeni ya damu yake huanza kushuka baada ya dakika moja hivi. Mtoto, mjamzito na mtu mnene hushuka haraka zaidi hata ukiwaandaa vizuri. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni nacho huchelewa. Namba unayoiona ni ya nusu dakika iliyopita au zaidi. Kwa hiyo tazama kifua, tazama ukungu ndani ya barakoa, na kama una kapnografu (kipimo cha kaboni dayoksaidi katika pumzi ya kutoka) tazama mchoro wake. Kipimo cha kidoleni kiwe cha mwisho kukuambia, si cha kwanza.

Na kanuni moja itakayorudi chini: pumzi mbili mfululizo zisipoinua kifua, sema kwa sauti, "Hewa haiingii, njoo unisaidie." Usisubiri namba ishuke ndipo uite.

Dalili ya 1: Bagi linakandamizika kirahisi, unasikia hewa ikivuja shavuni, kifua hakipandi au kinapanda kidogo

Hii ndiyo inayoripotiwa kuliko zote, na sababu yake ya kawaida kabisa ni mkono. Anayeshika huikandamiza barakoa chini usoni. Taya linarudi nyuma, ulimi unaziba koo, hewa inakosa pa kwenda ila pembeni, naye anazidi kukandamiza. Kinachotakiwa ni kinyume chake: uso ndio unainuliwa kuja kwenye barakoa.

Angalia vidole vyako. Gumba na cha shahada vizunguke shingo ya barakoa kwa umbo la C. Vitatu vilivyobaki vikae kwa umbo la E juu ya mfupa wa taya, kidole cha mwisho kikiwa nyuma ya pembe ya taya. Kama ncha za vidole zinazama kwenye nyama laini chini ya kidevu, unausukuma ulimi juu na kuziba njia kwa mkono wako mwenyewe. Kwa mtoto mchanga kosa hili peke yake hutosha kuziba koo lote.

Uvujaji wa hewa huwa upande ambao kiganja hakipo. Anayeshika kwa mkono wa kushoto hupoteza hewa shavu la kulia. Inamisha barakoa kidogo upande huo, au mwombe msaidizi alisogeze shavu liguse ukingo.

Hewa ikiendelea kuvuja, usihangaike zaidi kwa mkono mmoja. Shika kwa mikono miwili: nyama ya chini ya gumba ilale kila upande wa barakoa, vidole vinne vya kila mkono vivute taya mbele, na mtu mwingine abane bagi. Kwa wagonjwa waliolala kwa dawa, mshiko huu umeonyeshwa kupitisha hewa nyingi kuliko C na E ya mkono mmoja. Asiye na msaidizi wa usingizi anaweza kumtumia muuguzi wa thieta, kwa kuwa kubana bagi ni kazi ya kuelekezwa kwa sentensi moja: "Bana taratibu kwa sekunde moja mpaka kifua kipande, kisha achia."

Sababu ya pili ni saizi. Barakoa ianzie kwenye mfupa wa pua na kuishia kwenye mkunjo kati ya mdomo wa chini na kidevu. Ikifika machoni ni kubwa, na ikikaa juu ya mdomo ni ndogo. Wanawake wengi hutoshewa na namba 4 na wanaume wengi na namba 5, lakini uamuzi uwe wa uso ulio mbele yako. Weka saizi mbili kichwani mwa kitanda kabla ya kuanza.

Sababu ya tatu ni barakoa yenyewe, na hapa ndipo kulinganisha kunapofaa.

Ile nyeusi ya mpira hudumu, huvumilia kuchemshwa, na ukingo wake hujifinyanga vizuri usoni. Ubaya wake ni mmoja na ni mkubwa: huoni ndani. Matapishi yanaweza kujaa mdomoni na wewe unaendelea kubana. Midomo ikigeuka rangi huoni, na ukungu wa pumzi huoni.

Ya plastiki yenye mto wa hewa inaonyesha yote hayo. Kiwandani ilitengenezwa itumike mara moja. Kwetu huoshwa na kurudishwa kazini, na hapo ndipo matatizo yanapoanza. Mto hupoteza hewa taratibu. Ubane kwa vidole viwili kabla ya kila mgonjwa: ukigusana ndani, chukua bomba la sindano na uongeze hewa kupitia kitundu chake cha pembeni mpaka uwe laini lakini umejaa. Ukijazwa mno unakuwa mgumu na kuvujisha kwenye mashavu yaliyobonyea. Ukipungua tena ndani ya dakika chache, mto umetoboka, itupe.

Ya silikoni yenye ukingo mmoja mwembamba haina mto wa kutoboka na huchemshwa bila kuharibika. Kwa watoto wachanga ile ya duara hukaa vizuri sana. Kwa mtu mzima mwenye uso mwembamba hudai mkono wenye uzoefu zaidi.

Zipo pia barakoa zenye umbo la kushikika, zilizoundwa ili vidole visichoke, na kipo kifaa kinachokaa ndani ya midomo mbele ya fizi kama kile cha mpiga mbizi, huku pua ikibanwa. Wazo lake ni kukwepa mashavu na ndevu. Kama kituo chako kinavyo, jifunze kuvitumia kwa mgonjwa asiye mgumu, aliyefunga kula na ambaye hana hatari yoyote. Usikifungue kifaa usichowahi kukishika wakati mgonjwa anageuka buluu.

Wagonjwa wawili wanaostahili maelezo yao wenyewe

*Asiye na meno.* Mashavu yamebonyea, barakoa haina pa kuegemea. Kama ana meno ya bandia yaliyokaza, mwache nayo wakati wa kupampia na uyatoe kabla ya kuweka mrija wa kupumulia kooni. Kama hana, sogeza barakoa juu kidogo ili ukingo wake wa chini ukae kati ya mdomo wa chini na fizi, si kidevuni. Kitendo hiki kidogo hupunguza uvujaji sana kwa watu wa aina hii, na hakigharimu chochote. Ikishindikana, viringisha gozi mbili uziweke ndani ya mashavu, mikia yake ikining'inia nje, na mtu azihesabu kwa sauti zinapoingia na zinapotoka. Gozi iliyosahaulika kooni huua baada ya upasuaji kwisha salama.

*Mwenye ndevu.* Zungumza naye siku moja kabla. Wengi wa ndugu zetu wanafuga ndevu kwa sababu ya dini, na kumnyoa mtu bila ridhaa yake ni kumdhulumu. Mweleze hatari, muulize, heshimu jibu. Asipotaka kunyoa, pakaa jeli ya kulainishia juu ya ndevu chini ya ukingo wa barakoa, au bandika plasta pana ya plastiki inayoonyesha usoni na ukate tundu la mdomo na pua. Na uwe na kifaa cha kukaa juu ya kongomeo, LMA au i-gel, kimefunguliwa na kupakwa jeli kabla ya kuanza. Ndevu huzuia barakoa, kifaa hicho hakizijali.

Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2000 uliwafuatilia wagonjwa 1,502 na kuona ugumu wa kupampia kwa barakoa kwa takriban 5 katika kila 100. Dalili zilizoutabiri zilikuwa tano: umri zaidi ya miaka 55, uzito uliozidi (BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, zaidi ya 26), ndevu, kukosa meno, na kukoroma. Mgonjwa mwenye mbili kati ya hizo aandaliwe kana kwamba ugumu utatokea. Muulize mkewe au mumewe kuhusu kukoroma; mwenyewe hajui.

Dalili ya 2: Bagi ni gumu, hewa haivuji usoni, kifua hakipandi

Hewa imezibwa. Sababu, kuanzia ya kawaida:

1. Ulimi na kaakaa laini vimeanguka nyuma.
2. Mgonjwa hajalala vya kutosha, misuli ya koo na kifua imekaza.
3. Nyuzi za sauti zimefunga.
4. Kuna kitu kooni: matapishi, damu, makohozi, jino.
5. Kifaa kimeziba.
6. Mapafu yamekaza au kifua kimejaa hewa nje ya pafu.

Anza na kichwa. Kwa mtu mzima, weka mto mgumu wa sentimita 7 hadi 10 chini ya kisogo, sio chini ya mabega, halafu nyanyua kidevu. Mtu mnene anahitaji mashuka yaliyokunjwa kuanzia mgongoni mpaka kichwani, hadi tundu la sikio liwe usawa mmoja na mfupa wa kifua ukimtazama kwa ubavu. Kazi hii ifanyike kabla hajalala, akiwa bado anaweza kujisogeza mwenyewe. Mtoto mchanga ni tofauti: kisogo chake ni kikubwa, kwa hiyo kitambaa kikae chini ya mabega na uso utazame dari moja kwa moja.

Kisha vuta taya mbele kwa mikono miwili. Kisha weka njia ya hewa ya mdomoni, kile kipande kigumu kilichopinda kiitwacho Guedel. Ipime kutoka meno ya mbele mpaka pembe ya taya. Fupi huusukuma ulimi nyuma, ndefu hugusa kifuniko cha koo na kukizibisha. Na mgonjwa ambaye hajalala barabara ukimwekea atakohoa, atatapika, au nyuzi za sauti zitafunga, ukawa umejiongezea tatizo. Yenye kupitia puani huvumilika zaidi kwa mgonjwa ambaye usingizi wake bado ni mwepesi, lakini usiitumie kama kuna dalili ya kuvunjika mfupa wa chini ya fuvu au kama damu yake haigandi vizuri.

Kama njia ya mdomoni, mikono miwili na msaidizi vyote vipo na bagi bado ni gumu, jiulize kama dawa imetosha. Hali ya kati, ambapo mgonjwa hajibu lakini bado anakaza, ndiyo hatari kuliko kuwa macho au kuwa amelala kabisa. Fentanyl, dawa kali ya maumivu, ikisukumwa haraka huweza kukakamaza kifua. Kuongeza propofol, dawa ya usingizi ya mshipani, au dawa ya kulegeza misuli kama ndiyo iliyokuwa mpango wako, mara nyingi hufungua njia ambayo nguvu za mikono zimeshindwa.

Nyuzi za sauti zilizofunga zina alama zake. Kwanza mlio mkali wa kuvuta hewa, kifua kinazama tumbo linapopanda, na shimo la juu ya mfupa wa kifua linavutika ndani. Zikifunga kabisa, mlio unakwisha. Kimya hicho si nafuu. Mwambie daktari wa upasuaji aache anachofanya, ondoa kinachochokoza kooni, vuta makohozi unayoyaona, toa oksijeni asilimia 100, funga barakoa barabara na shikilia shinikizo la kudumu huku ukivuta taya kwa kubonyeza nyuma ya ndewe za masikio, kwenye kile kishimo kati ya taya na fuvu. Isipofunguka haraka, propofol kidogo. Ikikataa, suxamethonium, dawa ya kulegeza misuli, 1 mg kwa kilo kwenye mshipa, au 4 mg kwa kilo kwenye msuli kama hakuna mshipa, isipokuwa ana sababu ya kutopewa, mfano aliungua vibaya siku zilizopita au potasiamu yake iko juu. Kwa mtoto atropini, dawa ya kuongeza mapigo ya moyo, iwe imevutwa tayari, kwa maana moyo wake hupunguza mwendo upesi.

SIMAMA NA UITE: Umeweka kichwa sawa, umevuta taya kwa mikono miwili, njia ya mdomoni ipo, dawa imetosha, na kifua bado hakipandi? Usirudie yale yale kwa nguvu zaidi. Weka LMA au i-gel mara moja. Ikishindikana, jaribio moja bora la mrija kama hujalifanya. Vyote vikishindwa na oksijeni inashuka, tangaza kwa maneno: "Siwezi kuweka mrija, siwezi kumpa oksijeni." Kwa mtu mzima hatua inayofuata ni kupasua mbele ya shingo kwa kisu, kijiti cha kuongozea na mrija namba 6, na ifanywe na aliyefundishwa, iwe wewe au daktari wa upasuaji aliyesimama mezani. Hospitali ambayo haina mtu wa kufanya hivyo ijue kabla, na mgonjwa aliyeonekana mgumu apelekwe rufaa akiwa macho.

Dalili ya 3: Barakoa imekaa vizuri, njia iko wazi, bado hewa haifiki

Sasa shuku kifaa. Njia ya kujua ni moja na ya haraka: ng'oa kila kitu mpaka kwenye barakoa, chukua Ambu nyingine uliyoipima asubuhi, umpampie kwayo. Kifua kikipanda, tatizo lilikuwa upande wa vifaa, na utalitafuta mgonjwa akiwa salama. Kisipopanda, limo kwa mgonjwa, rudi Dalili ya 2. Usianze kukagua mashine kiungo kwa kiungo mgonjwa akingoja.

Mwaka 2001 nchini Uingereza mtoto wa miaka 9 aliyekuja kwa upasuaji mdogo alifariki kwa sababu kifuniko cha plastiki cha mrija wa dripu kilikuwa kimenasa ndani ya mirija ya kupumulia. Vifuniko vya namna hiyo viko kwenye kila trei ya thieta zetu. Ndiyo maana nasema ng'oa kila kitu, pamoja na kile kiungo kilichopinda kinachoingia kwenye barakoa.

*Ambu.* Kosa linalojirudia ni vali iliyounganishwa vibaya baada ya kuoshwa. Fungua kichwa chake uitazame: ndani kuna kipande cha mpira chenye midomo miwili inayofunguka kuelekea kwa mgonjwa unapobana, na kufunga unapoachia ili pumzi ya kutoka ipite pembeni. Kikigeuzwa, hewa haiendi kwa mgonjwa. Kikisahaulika kwenye beseni la kuoshea, kifaa kinafanana kabisa na kizima kwa nje na hakifanyi kazi. Kikiwa na matapishi yaliyokauka, midomo inagandana na mgonjwa anashindwa kutoa pumzi.

Jaribio la asubuhi ni hili. Ziba tundu la upande wa mgonjwa kwa kiganja, bana bagi. Lisipokubali kubanika, vali zinashika. Likibanika huku hewa ikitokea nyuma, vali ya kuingizia hewa imekufa. Ondoa kiganja, bana, achia: lijae upesi. Likijaa polepole, vali ya nyuma inanata, au bagi limezeeka. Mwisho, weka barakoa mdomoni mwako ukiwa umeisafisha, uvute na utoe pumzi. Vali isogee pande zote mbili.

Ambu za watoto zina vali ya usalama inayofunguka kwenye shinikizo la sentimita 40 hivi za maji. Ikilia "sss" kila unapobana, hewa inatokea pale. Mara nyingi inakuambia kweli, kwamba njia imeziba au unabana kwa nguvu mno. Usiifunge kabla hujakagua kichwa na taya.

*Bagi la mashine.* Likilegea na halijai: kwanza vali ya kutolea shinikizo imeachwa wazi, pili swichi iko upande wa ventileta badala ya upande wa mkono, tatu mirija imeachana, nne mkebe wa chokaa ya soda, inayonyonya kaboni dayoksaidi, haukukazwa baada ya kubadilishwa, tano kiriba cha dawa, kinachogeuza dawa ya usingizi kuwa mvuke, hakikukaa sawa kwenye reli yake. Ukibonyeza oksijeni ya dharura bagi likajaa kisha likanywea mara unapoachia, kuna tundu. Likivimba mno na kuwa gumu, vali imefungwa na shinikizo linampata mgonjwa. Ifungue sasa hivi, kisha ndipo ufikiri.

*Mfumo wa kuvuta hewa ya chumba*, wenye kiriba cha dawa ya usingizi na mfuko au mvukuto wa mkono, bado unafanya kazi katika baadhi ya hospitali zisizo na oksijeni ya uhakika, na ni mfumo mzuri. Kosa lake la kawaida ni mirija kuunganishwa kwa kugeuzwa. Fuata mishale.

SIMAMA NA UITE: Kifaa kilichoshindwa kikiwa juu ya mgonjwa kisirudi kabatini. Kifunge kwenye mfuko, andika kilichotokea, mpe fundi wa vifaa tiba. Usifungue mashine ya usingizi mwenyewe zaidi ya pale mtumiaji anaporuhusiwa, na usizibe tundu kwa plasta ukaendelea na mgonjwa mwingine.

Dalili ya 4: Tumbo linavimba

Hewa inaingia tumboni. Unabana kwa nguvu mno au haraka mno, ama njia ya juu imeziba nusu. Shinikizo likizidi sentimita 20 za maji hivi, mlango wa tumbo hufunguka. Mtu mzima anatosheka na mililita 6 hadi 8 kwa kilo, kama 400 mpaka 600, mara 10 hadi 12 kwa dakika. Ambu ya mtu mzima hubeba takriban mililita 1,500. Kuibana yote kwa mikono miwili ni kumzidishia. Mkono mmoja, sekunde moja, tazama kifua kikianza kupanda, acha.

Tumbo lililovimba tayari husukuma kiwambo cha kifua juu na kufanya kila pumzi kuwa ngumu zaidi, hasa kwa mtoto. Pitisha mrija wa tumboni utoe hewa njia inapokuwa imetulia. Usilibonyeze tumbo kwa mkono: yaliyomo yatapanda kooni na kuingia mapafuni. Matapishi yakionekana, mgeuze kichwa, shusha upande wa kichwa wa kitanda, vuta kwa sakshen, mashine ya kunyonya majimaji, ndipo uendelee.

Dalili ya 5: Kifua kinapanda vizuri, oksijeni inashuka

Kiamini kipimo kwanza, kisha kikague. Kidole baridi, shinikizo la damu la chini, na rangi ya kucha huchanganya namba. Kwa akina mama wa pwani waliopakwa piko nyeusi vidoleni, hamishia kipimo kwenye ndewe ya sikio, maana piko inaweza kuuzuia mwanga.

Halafu fuata mrija wa oksijeni kwa mkono, kutoka kwenye barakoa mpaka kwenye chanzo. Mtungi umekwisha, mrija umechomoka au umekanyagwa na gurudumu la kitanda, umeme umekatika na konsentreta, mashine ya kuchuja oksijeni kutoka hewani, imezima. Hapa aina ya bagi ina maana kubwa. Bagi linalotegemea gesi, kama la mashine au lile la mfumo wa T wa watoto unaoelezwa mwishoni, likikosa gesi hunywea na kukuambia. Ambu haikuambii. Inaendelea kujijaza hewa ya chumba yenye oksijeni asilimia 21, kifua kinapanda kama kawaida, na mgonjwa anashuka taratibu. Dalili yake pekee ni mfuko wa akiba wa nyuma: ukiwa umenywea, oksijeni haitoshi. Bila mfuko huo, hata lita 10 kwa dakika hazikupi zaidi ya nusu oksijeni. Ukiwepo na ukiwa umejaa, unakaribia asilimia 90 na zaidi.

Sifa hiyohiyo ya kujijaza ndiyo inayoifanya Ambu iwe lazima katika kila thieta, hata yenye mashine mpya. Mwaka 1952 Copenhagen ilipopigwa na polio, mamia ya wanafunzi wa udaktari walipokezana zamu kubana mabagi kwa mikono kuwapumulia wagonjwa. Miaka michache baadaye, hukohuko Denmark, Henning Ruben na Holger Hesse walitengeneza bagi linalofanya kazi bila mtungi wowote. Umeme ukikatika na mtungi ukiisha saa nane usiku, hilo ndilo litakalobaki.

Oksijeni ikiwa inatoka sawasawa, weka stethoskopu pande zote mbili. Mluzi wa kutoa pumzi ni mapafu yaliyokaza. Zidisha usingizi na mpe dawa ya kutanua njia za hewa. Upande mmoja kimya na shinikizo la damu linaanguka, hasa kwa aliyepata ajali, ni hewa iliyobanwa kifuani, nayo hutolewa kwa sindano bila kungoja picha. Na kabla ya yote hayo gusa mshipa wa shingo: moyo uliosimama hausukumi oksijeni popote.

Watoto, kwa ufupi

Mfumo wa T alioubuni Philip Ayre mwaka 1937, na Jackson Rees akauongezea mfuko mwaka 1950, bado ni mzuri kwa mtoto wa chini ya kilo 20, kwa sababu mkono unahisi kila badiliko la pafu. Lakini hudai gesi ya kutosha, mara mbili hadi tatu ya hewa anayopumua kwa dakika, na ujuzi wa kubana mkia wa mfuko kwa vidole viwili. Asiyeutumia mara kwa mara atumie Ambu ya mtoto ya mililita 500, au ya kichanga ya 240 hivi. Barakoa za Rendell-Baker zisizo na mto huacha nafasi ndogo ya hewa iliyotumika, ila huvuja kwa anayejifunza; ya silikoni ya duara ni rahisi zaidi.

SIMAMA NA UITE: Mapigo ya mtoto yakianza kushuka wakati unampampia, chukulia ni oksijeni mpaka ithibitike vinginevyo. Simamisha upasuaji, mikono miwili kwenye taya, mtu wa pili kwenye bagi, na simu kwa hospitali ya rufaa ipigwe na mtu wa tatu wakati nyinyi wawili mnaendelea.